Omena za Kumfukuza Tata

Samaki wadogo wana macho. Hilo hakuna mtu hukuambia. Watakuambia omena inaongeza damu, inaongeza akili ya hesabu, inaongeza hata nywele, lakini hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanionya kwamba nikifungua lile gazeti zilimofungwa nitatazamwa na kijiji kizima cha marehemu, midomo wazi, kama watu waliokufa wakiuliza swali. Nililifungua jikoni kwetu, mtaa wa Landless, siku ya Jumatatu baada ya shule, sketi ya shule bado kiunoni, mlango wazi ili nikizimia niangukie nje penye hewa. Harufu ikanishika kooni ikakataa kuachilia. Na sikuwa nimezinunua kwa sababu ya njaa. Nilizinunua ili kumfukuza tata.

Tata ni dada mkubwa wa baba. Alitoka kwao huko juu kwenye baridi na majani chai, akaja Thika kuwekewa meno ya bandia, akasema atakaa wiki moja fizi zizoee. Fizi zikazoea. Tata naye akazoea. Kufikia wakati huu ninaosimulia, ile wiki moja ilikuwa imezaa watoto na wajukuu, na tata alikuwa na msumari wake wa kutundika koti, blanketi lake, na upande wake wa kochi ambao ulikuwa umebonyea ukachukua umbo lake kamili, hata akiwa msalani unaweza kuona pale anapoketi.

Sina ubaya na wageni. Ubaya ulikuwa jikoni. Tata alionja mchuzi kwa mwiko, akaunyonya ule mwiko mbele na nyuma kama mtoto na mfupa, akaurudisha kwenye sufuria, akakoroga, akaonja tena. Alikata kucha za miguu kwa kisu cha kabeji, ameketi mlangoni penye mwanga, kwa sababu, alisema, ndicho kisu pekee chenye makali katika nyumba hii. Baadaye kabeji ilikatwa kwa kisu hicho hicho. Niliila. Bado nafikiria. Na akimaliza kula alitoa meno, akayasuuza ndani ya chai iliyobaki, akayalaza kwenye kisosa. Kisosa changu, kile chenye maua ya bluu. Asubuhi moja nilifunua kitambaa nikitafuta mkate nikakuta tabasamu bila mtu.

Mama alivumilia. Mama yangu ni mtu wa kuanika vitambaa vya jikoni kwa kufuata rangi, kwa hivyo mjue alivumilia kweli. Lakini siku alipompata tata akipangusa meza kwa soksi ya baba, na soksi yenyewe haikuwa safi, wacha niseme wazi, alingoja hadi jioni. Akapakua chakula. Akasimama kando ya meza na kumwambia baba kwa upole kabisa:

"Nauliza kitu kimoja tu. Hapa ndani nani anashika mwiko, ni mimi ama ni dada yako? Sema tu nijue."

Tata alikuwa pale pale kwenye kochi. Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Baba akatafuna. Akameza. Sote watatu tukaangalia kile kikoromeo chake kikipanda na kushuka, tukingoja neno litoke. Neno likatoka.

"Supu iko ingine?"

Kesho yake asubuhi mama alikuwa ameenda Ruiru kwa dada yake mdogo, na begi moja na cherehani yake. Mtu akibeba nguo ameenda kutembea. Mtu akibeba cherehani ameenda.

Hapo ndipo baba alipoanza kunichefua kuliko tata. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, wanamsifu sana. Eti mpole, hapigi mtu, hapigi kelele, akitoka kiwandani anakuja nyumbani moja kwa moja. Ni kweli. Anakuja moja kwa moja, anaketi, anakula chochote kilichowekwa mbele yake, na uso wake haubadiliki. Nilipoanza kupika mimi, wali ulitoka umeungua chini na mbichi juu. Akala. Maharagwe yalikuwa yanalia kwenye sahani kama changarawe. Akala. Ningemwekea sabuni ya kipande angeomba chumvi. Nilikaa nikimtazama akitafuna, lile taya likizunguka polepole kama la ng'ombe wa maziwa, na nikagundua kwamba unaweza kumpenda mtu na bado ukatamani kutapika ukimwona akila.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu, mlango unaopakana na wetu kwenye ploti hiyo hiyo. Tunasoma darasa moja. Kwao ni magharibi, huko mbele ya Kakamega. Babake anafanya kazi kiwandani kama babangu, na mamake yuko Uarabuni akiangalia nyumba ya watu. Kwa hivyo rafiki yangu alifunzwa kupika kwa simu. Mamake alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti, na yeye anaweka simu juu ya kopo la sukari, anapika akisikiliza. Nilizisikia hizo sauti mara nyingi kupitia ukuta: "Kitunguu usichome, mama. Kikifika rangi ya chapati weka nyanya. Nyanya usiharakishe. Umevaa sweta?" Kila somo lilimalizika na sweta, hata wakati wa jua kali.

Tulikutana kwa mfereji jioni, kila mtu na karai lake la vyombo, na hapo ndipo nilisomea upishi. Chumvi ikizidi, tupia kiazi. Ugali ukishika sufuria, loweka, usikwangue kama unatafuta mafuta ya petroli. Sukuma usifunike. Maharagwe yalale ndani ya maji usiku mzima. Matumbo ni maji moto, halafu kisu. Mimi sikuwa na ushauri wa kurudisha, kwa hivyo nilimlipa kwa vichekesho, na kwa kumwigiza tata akitafuta meno yake chini ya kochi.

Siku niliyomwambia kuhusu Wendani sikuigiza mtu. Mama alikuwa amenipigia simu akaniambia amepata chumba Kahawa Wendani, katikati ya hosteli za wanafunzi, mahali atapata nguo nyingi za kupunguza na kurekebisha. Mwisho wa mwezi anaingia. Aliniambia kwa furaha ya uongo, ile watu wazima hutumia wakikupeleka kwa sindano.

"Akiingia huko harudi," rafiki yangu akasema. Hakunipaka mafuta. "Kwa dada yake ni ugeni. Kwake ni kwake."

"Najua."

"Sasa tata yenu anaogopa nini?"

"Mungu na upepo."

"Chakula, we fala."

"Samaki. Anasema samaki ni nyoka aliyekosa nauli ya kutoka majini."

Akaweka sufuria chini. Nikaona lile jicho lake likifanya kazi.

"Basi mpikie omena. Kila siku. Kabla wiki iishe atafunga mzigo mwenyewe, na hakuna heshima umevunja. Umempikia tu. Ushawahi kusikia mtu ameshtakiwa kwa kupika?"

Niliona ni mpango wa kisomi. Tata aende, mama arudi, hesabu imekwisha. Ndio nikajikuta Jumatatu hiyo nikitazamana na marehemu.

Rafiki yangu alisimama nyuma yangu akitoa amri. Chagua mawe. Mimina maji moto. Maji yakageuka rangi ya kijivu yenye mng'aro wa mafuta juu, kama mtaro wa nyuma ya gereji, na mvuke ukanipanda puani. Nikakimbia nje.

"Rudi! Bado hata hujaanza."

"Imeniangalia."

"Imekufa."

"Hiyo ndio shida yangu."

Nikarudi. Nikamwaga maji, nikaosha tena, nikazikausha kwenye sufuria hadi zikaanza kuruka na kutoa mlio mdogo. Magamba yalinishika vidoleni. Kitunguu, nyanya bila haraka, dhania, halafu yeye akatoa kikombe cha maziwa yaliyolala yakaganda juu akamimina yote.

"Ya nini?" nikauliza.

"Inaondoa ukali. Mathe huniambia hivyo."

Hapo ndipo tulipoharibu mambo, lakini hakuna aliyejua.

Jumatatu tata aliingia, akasimama mlangoni, akafunika pua kwa kitambaa cha kichwani. "Uui! Maitu! Umeleta nyoka kwa nyumba ya mtoto wako?"

Niwaeleze hilo neno. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Mimi nimebeba jina la cucu, aliyefariki kabla nizaliwe. Kwa hivyo tata huniita maitu, yaani mama yangu, na baba pia akiwa na furaha. Nimekuwa mama ya watu wawili wazee tangu nikiwa kwenye nepi. Mara nyingi faida yake ni ndogo: "Maitu, niletee maji." "Maitu, nikune mgongo." Mama gani huyo anakuna migongo.

Jumatatu tata alikula mkate mkavu na chai, amegeuza kiti kikatazama ukuta. Nikalala na furaha. Jumanne akakaa na uso umegeuka nusu. Jumatano akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za adui, kama hizo vitu zina mifupa. Nikasema mingi sana, tena mikali. Akachukua moja kwa ncha ya vidole. Akaitia mdomoni. Nikaona uso wake ukisimama.

Akatoa meno.

Nikadhani anajiandaa kutapika, nikafurahi, nikasogeza hata ndoo. Kumbe alikuwa anayaondoa yasimzuie. Ile omena ilikuwa imelala ndani ya maziwa ikalainika kama uji, na tata, ambaye meno yake mapya yalimuuma tangu siku ya kwanza na hakuwa ametafuna nyama ya maana kwa muda wote huo, alikuwa amepata kitu chenye ladha ya nyama ambacho fizi zinaweza. Alikula kwa sauti. Fizi zilipiga mlio kama mtu anayetembea kwenye tope kwa viatu vya mpira. Mchuzi ukashuka kidevuni akaufuata kwa ulimi, na ulimi ukafika. Mkia mmoja ulibaki umeshika kwenye mdomo wa juu, ukitingishika kila akipumua. Akapangusa sufuria kwa kidole, akanyonya kidole, akaangalia kama kuna kingine kilichobaki kwenye kidole.

"Maitu," akasema, machozi yanamlengalenga, "kwa nini walitudanganya?"

Usiku huo huo akapiga simu kijijini, kwa sauti ya mtu anayeongea na ng'ambo, akawaambia wamuuzie kuku wake kwa sababu hatarudi hivi karibuni. Baba alikuwa anakula. Akasema omena inataka pilipili kidogo.

Nilienda kwa mfereji kesho yake nikiwa tayari kupigana.

"Ungeniambia nipike vibaya!"

"Sijui kupika vibaya," rafiki yangu akasema. "Hakuna siku mathe alinifunza hiyo." Halafu akacheka hadi akaketi juu ya karai lake, nami nikacheka kwa hasira, na tukiwa hivyo hivyo akaacha kucheka ghafla kama mtu aliyezima redio.

"Unajua kwetu kuna auntie," akasema.

Nilijua. Kila mtu kwenye ploti alijua. Mwanamke alikuwa ameanza kuja kwao wikendi, kisha katikati ya wiki, na baba ya rafiki yangu alikuwa amesema tu, "Huyu ni auntie," akafungua gazeti. Sasa huyo auntie alikuwa amepanga upya rafu zote na alikuwa anaziita zake.

"Ananiambia kitunguu lazima kichomeke ndio kitoe ladha," akasema. "Nimekula kitunguu nyeusi wiki mbili. Na mathe akinitumia sauti nazima simu, sababu nikipika vile amesema, huyo auntie anaingia kukoroga. Hakuna mtu alisema kitu kwetu. Si buda, si mimi, si majirani. Tulikula tu. Nyinyi bado kuna mtu anaweza kusema."

"Nani? Buda wangu? Huyo akisema jina lake mwenyewe tunapiga makofi."

"Basi mtu amsemeshe."

Nilimwambia awe akija kupika kwetu, meko yetu iko, kitunguu chetu hakuna atakayekigusa, na mamake aendelee kumtumia sauti hapo. Akasema, "Na tata atanyonya mwiko." Nikasema tutanunua mwiko wetu wawili, tuufiche. Tukaununua kweli. Unakaa ndani ya begi langu la vitabu, na mwalimu wa zamu ameshauliza mara moja ni silaha ya aina gani.

Jumamosi nikaenda Ruiru. Mama alikuwa chini ya dirisha la dada yake akishona pindo la suruali ya mtu. Aliposikia harufu yangu akainua kichwa kabla hata sijabisha. Akashika mikono yangu akainusa, akaniangalia, akainusa tena.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza mpango wote, kuanzia kwa gazeti hadi kwa kuku wanaouzwa. Alicheka hadi akaangusha pini. Nilikuwa nimekosa hicho kicheko vibaya sana, hata nikarudia sehemu ya fizi mara mbili. Halafu akapangusa macho akaniuliza:

"Na baba yako? Amesemaje?"

"Amesema inataka pilipili."

Kicheko kikaisha. Akaokota pini moja moja.

"Sikiza. Nani alikuambia shida yangu ni tata? Tata ni mchafu, sawa. Uchafu huoshwa. Mimi niliuliza mtu swali, akaniomba supu. Siwezi kuolewa na ukuta. Akitaka nirudi akuje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake. Asitume mtoto, asitume dada yake, asitume pasta. Asipokuja, mwisho wa mwezi naingia Wendani."

"Na mimi?"

"Wewe utachagua," akasema, na akageuza suruali ya watu upande wa pili ili nisimwone.

Nilirudi Thika. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima nikifukuza mtu ambaye si yeye.

Jumapili tulitoka kanisani tukaketi kula. Tata alikuwa ameomba omena, na nilipika, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa, mfanyakazi wa tata. Akala. Akatoa meno, yakiwa na kipande cha dhania kimebandika pale mbele, akayalaza kwenye kisosa changu cha maua. Baba akayaona. Namaanisha aliyaona, macho yake yalitua pale kabisa, kati ya chumvi na mkono wake. Akasogeza kisosa kidogo, ili afikie chumvi.

Kitu kikanipanda kutoka miguuni. Haikuwa hasira peke yake. Ilikuwa kichefuchefu, ile ya mwisho kabla ya kutapika, wakati mate yanajaa. Nikasimama.

"Nyamazeni, mama yenu anataka kuongea."

Tata akacheka. "Haiya, maitu ameamka."

"Nimeamka. Si mnaniita maitu kila siku? Si mnasema cucu ndio alirudi? Basi leo nimerudi na mdomo wangu. Wewe binti yangu, ulikuja kuwekewa meno. Yako hapo, yanacheka. Kisu cha kabeji si cha kucha. Mwiko haunyonywi ukarudishwa. Ulikuja kwa ndugu yako ukakuta mke wake jikoni, leo ni nani yuko jikoni? Ni mimi, na nina mtihani." Nikageukia baba. Sauti yangu ilikuwa imeanza kuvunjika, ikanikasirisha zaidi. "Na wewe, kitinda mimba wangu. Nilikuzaa na mdomo ama niliusahau huko hospitali? Ni wa kula tu? Mtu amekuuliza swali mbele ya watu, ukamwomba supu. Anaenda Wendani mwisho wa mwezi. Nimesema."

Nikangoja kofi. Kwa kweli nilikuwa nimeshachagua shavu. Baba alikuwa na kijiko hewani na mchuzi ukidondoka juu ya shati la kanisa.

Tata akachukua meno, dhania na yote, akayavaa. Nikajua sasa ni vita, mtu hagombani na fizi. Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama baba.

"Anaenda wapi? Mimi niliambiwa ameenda kumsaidia dada yake kushona nguo za harusi."

Baba akatazama mezani.

"Uliniambia hivyo," tata akasema. "Na hiyo maneno ya mwiko nilisikia, nikangoja uniambie, 'Dada, enda nyumbani.' Ukaomba supu. Nikasema basi, huyu ananitaka hapa. Mke ametoka, nani atamwangalia? Nikauza kuku." Sauti yake ilishuka. "Kuku wangu wazuri. Wewe mtoto, nilikubeba mgongoni. Ungesema, ningekasirika siku moja, halafu ningepanda gari."

Sikuwa nimewahi kumwonea tata huruma, na sikupenda jinsi nilivyohisi, kama kukanyaga kitu laini gizani. Baba akaweka kijiko chini. Alikuwa amewapoteza wanawake wawili kwa kunyamaza na uongo mmoja mdogo, na mimi nilikuwa nimempikia tata samaki kama adhabu ya kosa la mwingine.

"Nitasema nini?" baba akauliza. Aliniuliza mimi. Mtu mzima, ana ndevu.

"Hiyo ni yako," nikasema. "Lakini badilisha shati. Unanuka omena."

Akakataa kwenda peke yake, kwa hivyo nikaenda naye Ruiru jioni hiyo hiyo, jua bado liko. Tulimkuta mama nje, uani, ameketi kwenye kigoda na beseni la matumbo ya ng'ombe mbele yake. Dada yake alikuwa ameyanunua buchari yakiwa hayajaoshwa, kijani kibichi kimejaa mle ndani, nyasi aliyokula ng'ombe siku yake ya mwisho duniani, na harufu ya zizi baada ya mvua. Nzi walikuwa wameitana. Nikawaza, hata mahali pa kupatanishia wazazi wangu lazima pawe hivi.

Baba akasimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Habari ya hapa."

"Mzuri," mama akasema.

"Huko... huko nyumbani chakula imekuwa mbaya."

Nilitaka kuingia ndani ya beseni nijifunike.

"Kwa hivyo unatafuta mpishi," mama akasema. "Thika hoteli ni nyingi."

Baba akanitazama. Nikatazama matumbo. Nilijiapia kwamba akiniomba nimsaidie neno moja tu, nahamia Wendani kabla ya mama. Kisha baba akasema, akitazama viatu vyake:

"Ile asubuhi nilikuwa macho."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya beseni.

"Nilisikia ukibeba cherehani. Ilikugonga mguu mlangoni, ukasema woi. Nikafunga macho nikajifanya nimelala."

"Rudia," mama akasema.

Akarudia. Ilikuwa ngumu zaidi mara ya pili.

"Na ile jioni?"

"Niliogopa. Yeye ndiye alinilea. Nikisema mwiko ni wako, ni kama nimemfukuza." Akainua macho kutoka viatuni. "Mwiko ni wako. Nimemwambia mwenyewe leo, kabla tutoke. Ataenda wiki hii. Sikutaka useme nimemtuma mtoto amwambie."

Mama alitoa mikono kwenye beseni, akaisuuza, akaipangusa kila kidole kivyake. Halafu kwa mguu akalisukuma lile beseni taratibu hadi likagusa kiatu cha baba.

"Osha."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapo nyuma yako?"

Babangu hajawahi kuosha hata kikombe. Alikunja mikono ya shati, akachuchumaa, akaingiza vidole, na papo hapo akageuza uso akatoa sauti kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Machozi yakamtoka. Akaingiza tena. Akatoa ile sauti tena. Nilichuchumaa karibu naye, nikiziba pua kwa bega, nikamwonyesha vile rafiki yangu alinionyesha: maji moto kwanza lakini yasichemke, halafu unakunja upande huu, unakwangua kwa kisu kutoka juu kwenda chini, usirudi rudi. Akafuata. Jasho likamtiririka puani likadondoka beseni. Sikumwambia.

Nyuma yetu mama alikuwa amechukua simu.

"Ni mimi, yule wa cherehani," alikuwa akisema. "Ile chumba ya Wendani mpatie mtu mwingine... La, si bei... Nimepata mtu wa mimi kusimamia, naona atakuwa na kazi mingi."

Baba aliacha kukwangua akasikiliza hadi mwisho. Kisha akashika ile sehemu ya matumbo yenye kurasa kurasa kama kitabu, akaifungua kwa kidole kimoja, akaona kilichokuwa ndani. Midomo yake ikawa nyeupe.

"Hii nyasi," akaniuliza polepole, mama asisikie, "ni lazima itoke yote?"

"Yote."

"Hata ile iko huku ndani kwa hizi kurasa?"

"Hiyo ndio kwanza," nikamwambia, nikamsogezea maji moto.